Kisu Kirudi Alani: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Kimeta

Tangu mvua za kwanza zidondoke, barua za kimeta, ugonjwa unaoua mifugo ghafla na kumwambukiza binadamu, zimekuwa nyingi kuliko za magonjwa mengine yote, hasa kutoka Igunga na Nzega. Kwa hiyo toleo hili sijibu kingine. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa afisa mifugo kwa miaka 31, nikaanzia Nzega na kumalizia Uyui. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Isevya, Tabora mjini. Taaluma yangu ni mnyama, hivyo yanayohusu dawa za binadamu nimekaa na tabibu ninayemwamini tukayapitia moja baada ya jingine kabla sijayaandika.

Shikamoo Mama. Dume langu la maksai liliamka zima, saa nne asubuhi likaanza kutetemeka, likaanguka. Vijana wakaliwahi kwa kisu kabla halijakata roho. Nyama tuligawana kaya saba, tukaichemsha sana. Siku ya nne shemeji yangu aliyelichuna akaota kipele juu kidogo ya kifundo cha mkono. Sasa ni kidonda cheusi katikati, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, lakini anasema hakimuumi hata kidogo. Wazee wanasema ni jipu lipasuliwe, wengine wanasema ametupiwa kitu. Tufanye nini? — Mfugaji, Ziba, Igunga

Marahaba, mwanangu. Nilikupigia simu siku ileile barua ilipofika, na nashukuru kwamba shemeji ameshaanza dawa. Naandika hapa kwa ajili ya kaya nyingine ambazo simu yangu haitazifikia.

Neno lililonishtua katika barua yako ni hilo la kutouma. Jipu linauma. Jipu linamkosesha mtu usingizi, linapwita, lina usaha. Kidonda cha kimeta kinaanza kama umeumwa na mbu: kipele kinachowasha. Baada ya siku moja au mbili kinakuwa lengelenge, na pembeni yake vinatokea vilengelenge vidogo vimekizunguka kama shanga. Kisha katikati panadidimia, panakauka, panakuwa peusi tii kama kipande cha kaa la mkaa kilichobandikwa kwenye ngozi. Nyama ya pembeni inavimba, wakati mwingine uvimbe ni mkubwa kuliko kidonda chenyewe. Jina ambalo Wazungu wanauita ugonjwa huu, anthrax, limetokana na neno la Kigiriki la makaa, na aliyewahi kukiona kidonda hicho haulizi kwa nini.

Mkiona kidonda cha namna hiyo kwa mtu aliyechuna, aliyekata nyama au aliyebeba ngozi, asipasuliwe. Asikamuliwe, asichanjwe chale, asipigwe chuku. Kukata hakutoi chochote, kunafungua njia ya vijidudu kuingia kwenye damu. Kifunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, na mkifika semeni wazi: "Alichuna ng'ombe aliyeanguka ghafla." Msiposema hivyo, mganga aliyechoka mwenye foleni ya wagonjwa wa malaria anaweza kuandika dawa ya jipu akawaruhusu.

Dawa zipo na si za ajabu: penisilini, doksisaiklini, siprofloksasini, kadiri mganga atakavyoona. Kimeta cha ngozi kikitibiwa mapema ni nadra sana mtu kufa. Kisipotibiwa, katika kila watu kumi mmoja anaweza kufa, hata wawili. Jambo moja ambalo tabibu wangu alinisisitizia: gamba jeusi haliondoki kwa sababu umeanza dawa. Litabaki wiki mbili, hata tatu, kisha litabanduka lenyewe. Sumu iliyokwishamwagwa na vijidudu inaendelea na kazi yake kwenye ngozi hata baada ya vijidudu wenyewe kufa. Watu wengi huacha dozi siku ya tatu kwa sababu wanaona kidonda hakibadiliki. Shemeji amalize dozi yote.

Nije kwenye hizo kaya saba. Waliokula waende nao kituoni, hata kama hawajaumwa, wakapewe dawa ya kinga na kuangaliwa. Kimeta kikiingia kwa njia ya tumbo, ndani ya wiki moja hivi mtu anapata homa, tumbo linamkata, anatapika, pengine damu, na kuharisha damu. Wengine koo na shingo huvimba mpaka kumeza kunashindikana. Hiyo ni hatari kuliko ya ngozi, na haisubiri mpaka kesho asubuhi. Kuchemsha sana hakuwakingi. Kabla nyama haijafika kwenye sufuria imeshikwa na aliyechuna, imekatwa na mama kwenye ubao uleule wa mboga, imemdondokea damu mtoto aliyetumwa kuipeleka kwa jirani. Tena mbegu za kimeta zina ganda gumu linalostahimili moto wa jikoni kuliko vijidudu vingine mlivyozoea.

Sasa niseme juu ya hilo la kuwahi, maana hapa ndipo watu wetu wanapofia.

Ninaelewa kabisa. Ng'ombe wa laki nane anaanguka mbele yako. Ni ada ya shule, ni mahari iliyokwishaahidiwa, ni dume la plau na mvua zimeanza. Akikata roho mwenyewe ni kibudu, Mwislamu hamli na jirani Mkristo naye atasita. Basi kisu kinapitishwa shingoni upesi, na kuanzia hapo habari inakuwa, "Hakufa, tulimuwahi." Nimeisikia sentensi hiyo Bukene, nimeisikia Simbo, nimeisikia Ilolangulu. Lakini kisu hakiutoi ugonjwa uliokwisha kuwamo. Mnyama anayeanguka kwa kimeta, saa hiyo anapotetemeka, damu yake imeshajaa vijidudu mpaka kwenye mishipa midogo ya masikio. Kumchinja ni kuyamwaga yote hayo juu ya ardhi, juu ya mikono na juu ya miguu ya vijana wanaomshikilia.

Na hili lifahamike vizuri, kwa sababu ndilo ninalotaka kila boma lilijue. Kijidudu cha kimeta kikiwa ndani ya mwili wa mnyama aliyekufa na ngozi haijafunguliwa, hakina maisha marefu. Mzoga unapooza kwa joto letu hili, kuoza kwenyewe kunakiua ndani ya siku chache, kwa kuwa hewa haipo. Kikikutana na hewa ndipo kinapojifunga kwenye ganda na kuwa mbegu, na mbegu hiyo hukaa kwenye udongo miaka na miaka ikimsubiri ng'ombe mwingine. Anayempasua mzoga ndiye anayekipandia kimeta shamba lake.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa bado na daftari la chuo cha mifugo cha Mpwapwa mkobani, niliitwa kwenye boma moja upande wa Nzega. Mtamba alikuwa amekufa alfajiri. Mimi nikawaza ndigana. Mwenye boma akasema, "Bibi mifugo, tupasue tuone," na mimi nikakubali. Tulipofungua tumbo, bandama lilikuwa kubwa mara tatu ya kawaida, jeusi, na laini likimwagika kwenye vidole kama uji wa ulezi. Damu ilikuwa nyeusi kama lami na haikuganda, tulisimama pale inatiririka tu. Ndipo nikajua, na nilikuwa nimechelewa. Kijana aliyeshika mguu wa nyuma alitokwa na vidonda viwili kwenye mkono. Alipona kwa sindano za penisilini, Mungu ni mwema. Lakini msimu uliofuata, mvua zilipoanza, ng'ombe wawili wa boma lilelile walianguka wakichunga palepale tulipompasulia yule mtamba. Wale wawili nilisababisha mimi. Tangu siku hiyo sijawahi kumpasua mnyama aliyekufa ghafla kabla ya kutazama tone la damu ya sikio kwenye darubini.

Mama, nitajuaje kuwa ni kimeta bila kupasua? Na nikishajua, mzoga nauweka wapi? Sina kuni za kumchoma ng'ombe mzima. — Baba wa watoto sita, Itobo, Nzega

Mzunguke kwa mbali, usimguse. Amekufa ghafla, pengine jioni alikula vizuri. Tumbo limejaa haraka, miguu imenyooka juu lakini mwili haukakamai kama mizoga mingine. Puani, mdomoni au njia ya haja kubwa panatoka damu nyeusi nyepesi isiyoganda. Si lazima dalili zote ziwepo. Kondoo na mbuzi mara nyingi unawakuta tu wamelala, hawakuonyesha lolote. Msichanganye na chambavu, ambayo huvimbisha paja au bega la ndama aliyenona, na ukilibonyeza linatoa sauti ya kukwaruza kama majani makavu chini ya ngozi. Ila hata ukidhani ni chambavu, kisu kikae alani. Mwite afisa mifugo wa kata.

Yeye atachukua damu kidogo ya sikioni kwa sindano, aipake kwenye kioo, na ikibidi aipeleke maabara ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo ina kituo chake hapa Tabora. Kwenye darubini, baada ya kutiwa rangi ya buluu, vijidudu vya kimeta vinaonekana kama vijiti vya kiberiti vilivyokatwa ncha kwa wembe, vimepangana viwili au vitatu, na kila mnyororo umezungukwa na utando wa rangi ya waridi. Ukishauona mara moja huusahau.

Kuhusu kuzika: kuchoma ni bora, lakini nakubaliana nawe juu ya kuni, na sitamshauri mtu akate miombo yote kwa ng'ombe mmoja. Shimo la mita mbili kwenda chini linatosha, lichimbwe palepale alipoangukia au karibu iwezekanavyo. Msimburute, maana kila anapopita anaacha damu. Sio kwenye mkondo wa maji, sio karibu na kisima au lambo. Ziba pua, mdomo na njia ya haja kwa matambara. Kwangua udongo wote ulioloa damu uingie naye shimoni. Juu weka mawe na miiba mizito, kwa sababu fisi na mbwa watafukua usiku uleule. Mavazi ya mikono ni lazima; glavu zikikosekana mifuko ya nailoni miwili miwili, nayo iishie shimoni.

Unauliza pia kama unaweza kulima mahindi juu yake baadaye. Hapana. Waingereza walijaribu kimeta kama silaha kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942, kwa kutumia kondoo. Kisiwa kilifungwa, na hakikutangazwa salama hadi 1990, baada ya kumwagiwa dawa ya fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari. Wewe huna dawa hiyo. Weka uzio wa miiba, waonyeshe watoto wako mahali penyewe, na wao wawaonyeshe wa kwao.

Udongo wa mbuga, ule mweusi wa Wembere unaopasuka kiangazi, unapendwa sana na kimeta. Mvua zikija zinazikusanya mbegu kwenye mabonde yanakotuama maji, na ng'ombe walioshinda na njaa tangu Agosti wanang'oa majani mafupi pamoja na mizizi na udongo. Ndiyo maana barua zenu zinakuja Novemba.

Naogopa kumhudumia mume wangu mwenye kidonda hicho. Nina mtoto anayenyonya. — Mama, Sikonge

Mhudumie, mwanangu. Kimeta hakirukii kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukohoa, kwa kula pamoja au kulala chumba kimoja. Usiguse majimaji ya kidonda kwa mikono mitupu, vitambaa vya kufungia vichomwe, nguo zake zichemshwe, unawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Inatosha.

Nilichanja ng'ombe wangu wote kwa gharama zangu, na siku ileile nikawapiga sindano ya OTC (oksitetrasaiklini) ili nikomeshe kabisa. Baada ya mwezi wamekufa watatu. Chanjo ni feki? — Mfugaji, Kaliua

Chanjo inawezekana ilikuwa nzuri kabisa, ndugu yangu, na wewe ukaiua kwa mkono wako. Pole sana kwa hasara.

Chanjo ya kimeta ni vijidudu hai vilivyopunguzwa makali. Vinaingia mwilini, vinaufundisha mwili kupigana, kisha vinaisha. OTC kazi yake ni kuua bakteria, na haijui yupi ni wa chanjo na yupi ni wa ugonjwa. Ng'ombe akishapata dawa ya namna hiyo, subiri kama wiki mbili ndipo umchanje. Na ukishamchanja, usimpige OTC wala penisilini katika siku hizo. Penye mlipuko, afisa mifugo huwatenga wenye homa na kuwatibu kwanza, wazima wakachanjwa, kisha waliotibiwa wakachanjwa baadaye.

Nina swali pia: chanjo uliibeba vipi? Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu inapotoka dukani mpaka inapoingia kwenye sindano. Nimemwona mtu akitoka nayo mjini kwenye mfuko wa shati, bodaboda saa tatu za jua. Alichofika nacho nyumbani ni maji. Nunueni kwa pamoja, kaya kumi au kumi na tano, mje na kasha la barafu, mtaalamu awachanjie siku moja. Chanjo inayokinga kimeta na chambavu kwa sindano moja inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Inarudiwa kila mwaka, na kwetu wakati wake ni Septemba au mapema Oktoba, kwa kuwa mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne ndipo kinga ikamilike. Ukichanja baada ya ng'ombe wa kwanza kufa, umewakinga wale ambao kimeta hakijawafikia tu.

Wapo wanaoniandikia kwamba chanjo ni biashara ya wakubwa. Wajue yaliyotokea Zimbabwe. Wakati wa vita vya ukombozi huduma za mifugo vijijini zilivunjika, chanjo zikakoma. Kimeta kilichofuata, kati ya 1979 na 1980, kiliwaugulisha watu zaidi ya 10,000. Wengi wao walikuwa wafugaji wadogo waliochuna na kula ng'ombe wao, watu kama mimi na wewe.

Na karantini? Najua ndiyo inayowafanya mfiche. Kata ikifungwa, mnada unafungwa, na aliyeripoti anatazamwa kama msaliti. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa, lakini sitaki uripoti kwa hofu ya sheria. Ripoti kwa sababu ng'ombe wako akiuzwa mnadani akiwa na homa, ataangukia kwenye boma la mtu mwingine ambaye naye ana watoto.

Je, ngozi iliyokauka miaka miwili ina madhara? Nataka kuitengenezea ngoma. — Kijana, Urambo

Kama hujui ng'ombe huyo alikufaje, iache. Kukauka hakuziui mbegu. Mwaka 2006 huko Scotland alifariki fundi wa ngoma kwa kimeta, na mwaka huohuo New York mwingine akaugua baada ya kushughulika na ngozi mbichi zilizokaushwa kutoka Afrika Magharibi. Huyu wa pili alipona. Kazi ya kukwangua manyoya inatimua vumbi, na kimeta kinachoingia kwa kuvuta hewa ndicho kibaya kuliko vyote: kinaanza kama mafua, kisha pumzi inakata. Chukua ngozi ya machinjioni, iliyopigwa muhuri na mkaguzi wa nyama. Ngoma italia vilevile.

Mimi nina miaka 14, nachunga ng'ombe za baba likizo hii. Nikimkuta mmoja ameanguka porini na niko peke yangu, nifanye nini? — Mwanafunzi, Igunga

Mjukuu wangu, barua yako nimeisoma mara mbili.

Kwanza waondoe wale wengine. Wapeleke mbali na hapo, upande upepo unakotokea, wasimnuse wala kumlamba mwenzao. Usimguse, usimgeuze, usimkate kamba ya shingoni hata kama ni mpya. Kama mbwa wako yupo, mfunge. Kata matawi ya miiba mfunike, ili tai wasimtoboe macho, kwa sababu wakishatoboa hewa inaingia. Kumbuka alama ya mahali, mti au kichuguu, kisha swaga kundi nyumbani.

Ukifika mwambie baba ampigie afisa mifugo wa kata. Kama kuna mtu ameshamshika na anaumwa, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, inapokelewa. Na baba akikuuliza kwa nini hukumuwahi kwa kisu, mpe ukurasa huu. Kama hasomi, msomee wewe, anzia pale kwenye boma la Nzega.